Hopsi: ua chungu linaloizuia bia kuchacha

Mjomba wangu wa Kakamega aliniuliza siku moja, chupa tupu ya bia mkononi, kwa nini hiyo hukaa dukani miezi na ladha yake haibadiliki, ilhali busaa ya Jumamosi ikifika Jumanne watu wanaikunjia uso. Kisha akanyoosha kidole kwenye lebo. "Shayiri naijua, inalimwa Mau Narok. Hii hopsi nayo ni kitu gani?"

Jibu la swali la kwanza limo ndani ya la pili.

Hopsi ni mmea wa kuparamia, na kwa lugha ya wanasayansi unaitwa Humulus lupulus. Ni wa ukoo mmoja na bangi, jambo linalowashtua wengi, lakini hauna ile kemikali inayolevya ya bangi. Shina lake lina vinyoya vigumu vilivyopinda kama ndoano, nalo hujizungusha kwenye kamba kufuata mwendo wa mishale ya saa. Kwa msimu mmoja hupanda mita 6 na zaidi, ndiyo maana mashamba ya Hallertau kule Ujerumani na bonde la Yakima kule Marekani yamesimikwa nguzo ndefu zenye nyaya juu. Baridi kali ikija, sehemu ya juu hufa, na shina la ardhini hulala mpaka joto lirudi.

Kama mipapai yetu, kuna hopsi dume na hopsi jike. Kinachotafutwa ni ua la jike tu, linalofanana na koni ndogo ya msonobari, laini, la kijani. Dume huchavusha maua yakajaa mbegu, na watengenezaji wengi wa bia hawazitaki, kwa hiyo wakulima huling'oa.

Mimi niliishika hopsi mara ya kwanza Nakuru, kwa rafiki anayefanya kazi ya kupika bia. Ilikuwa vidonge vya kijani vilivyoshindiliwa, ungedhani chakula cha sungura. Aliniambia niviponde kwa vidole. Vidole vilinata, vikabaki na unga wa manjano, na harufu ikapanda ya maganda ya chungwa iliyochanganyika na nyasi zilizokatwa sasa hivi. Niligusisha ulimi, na uchungu ule, kama wa mwarobaini, ulikaa mdomoni hadi nilipopata chai.

Huo unga wa manjano ndio mali yenyewe. Unaitwa lupulini, na ndani yake mna utomvu wenye asidi za alfa, kubwa kati yake ikiwa humuloni, na asidi za beta kama lupuloni, pamoja na mafuta ya kunukia kama mirseni na humuleni. Aina ya Saaz ya Ucheki, inayopendwa kwa harufu, huwa na asidi za alfa kama asilimia 3 hadi 5. Baadhi ya aina zinazolimwa kwa ajili ya uchungu hupita asilimia 15.

Asidi za alfa zenyewe haziyeyuki vizuri majini. Zinapochemshwa kwa muda wa saa moja hivi, molekuli zake hujipanga upya: atomi ni zile zile, umbo limebadilika. Zikishakuwa isohumuloni zinayeyuka, na ndizo zinazoipa bia uchungu. Mafuta ya kunukia nayo hupaa na mvuke, kwa hiyo mpishi hutia hopsi nyingine mapema kwa uchungu, nyingine mwishoni kwa harufu. Na ukiona bia imewekwa kwenye chupa ya kahawia, sababu ni hii: mwanga wa jua huvunja isohumuloni, vipande vyake vikakutana na salfa iliyomo, kikatoka kinywaji kinachonuka kama kicheche.

Sasa swali la mjomba. Busaa hupikwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, ukatiwa maji na kimea cha wimbi. Bakteria wa asidi ya laktiki ndio wanaoipa ule ugwadu mtamu ambao wazee huuvuta kwa mirija. Lakini bakteria hao hawajui kusimama. Wanaendelea na kazi mpaka kinywaji kinakuwa kikali. Uchungu wa hopsi huvuruga utando wa seli zao, wakashindwa kujilinda na asidi na hata kula. Hamira haiumii, inaendelea kutengeneza pombe kwa amani. Hildegard wa Bingen, mtawa wa Ujerumani wa karne ya 12, aliandika kwamba uchungu wa hopsi huzuia vinywaji kuoza, kabla mtu yeyote hajajua bakteria ni nini. Sheria ya Bavaria ya 1516 ikaitaja pamoja na maji na shayiri.

Hopsi ina kazi nyingine pia. Ulaya huitia kwenye mito ya kulalia na chai ya usingizi, Ubelgiji hula machipukizi yake kama mboga, na asidi zake za beta hutumika kupambana na utitiri wa nyuki. Mwenye mbwa asimwachie makapi ya hopsi: mwili wa mbwa hupanda joto hadi anaweza kufa.

Mbona basi hatuilimi hapa, na tuna mvua na udongo? Kikwazo kikubwa ni jua letu. Kisumu na Nakuru ziko karibu kabisa na ikweta, mchana huchukua kama saa 12 mwaka mzima. Hopsi inataka mchana mrefu ili irefuke. Ukifupika, mmea hudhani msimu umekwisha, ukachanua ungali mfupi, maua machache. Wakulima wa George, Afrika Kusini, walilazimika kuwasha taa kuongeza mchana, hadi zilipopatikana aina zinazovumilia. Taa si jambo geni kwetu pia, mashamba ya maua Naivasha huziwasha usiku kwa aina fulani za maua, ila gharama ya stima ni lazima upige hesabu kwanza.

Wanaofanya kazi kwenye waridi za Naivasha wangezitambua pia shida za hopsi. Ubwiri unga hutandaza unga mweupe juu ya majani na kuharibu koni. Ubwiri vinyoya hupenda unyevu: machipukizi yanadumaa, yanapauka, na chini ya jani kunaota ukungu wa kijivu. Mnyauko wa vertisilia hukaa udongoni miaka, na dawa ya kuuponya haipo. Kuna hata viroidi, vidogo kuliko virusi, vinavyosafiri na vipandikizi kimyakimya.

Kwa hiyo mtu akikuletea pakiti ya "mbegu za hopsi", kumbuka mpapai: sehemu kubwa inaweza kuota dume. Wakulima hupanda vipandikizi vya jike, na kipandikizi kutoka nje kinahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla hakijafika mpakani.