Stadi ya eksozi imekatikia ndani? Weka hiyo izi-auti chini kwanza

Jamani hii kauli nimeichoka. Gari inafika hapa gereji Mwanjelwa, stadi (bolti isiyo na kichwa) inayoshika manifodi ya eksozi, yani bomba la kukusanyia moshi wa injini, imekatikia kwenye silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, na mwenye gari anakuja na jibu lake kabisa: "Fundi chukua izi-auti, toboa katikati, ingiza, zungusha kinyume, dakika tano imetoka." Izi-auti ni kile kichuma chenye hesi za kinyume cha kung'olea bolti iliyokatika, na yeye kaona kwenye video. Au fundi wa mwanzo ndo alimwambia hivyo akajaribu, na sasa gari iko kwangu kwa sababu izi-auti nayo imekatikia humo humo ndani ya stadi.

Hebu tufikiri pamoja. Ile stadi ilikatika kwa nini? Hesi zake (ile mikato ya kuzungukia) zimeshikana na hedi kwa kutu na moto wa miaka mingi, ukaisokota, hesi zikagoma, shingo ikaachia. Yani chuma kizima cha milimita 8 kimeshindwa kuzungusha hizo hesi, halafu wewe unatoboa tundu la milimita 4 unachomeka kichuma chembamba kikafanye kazi iliyomshinda mkubwa wake. Chuma cha duara ukikipunguza unene nusu, uwezo wake wa kuhimili kusokotwa unabaki moja ya nane. Moja ya nane! Ni kweli izi-auti imetengenezwa kwa chuma kigumu zaidi, ila ugumu huo ndo unaofanya ikatike ghafla bila hata kupinda ikakupa onyo. Na hizi za kuchongoka zina tatizo lingine, kadri unavyokaza ndivyo inavyoitanua stadi kwa ndani, kwa hiyo wewe unajua unafungua kumbe unazidi kuibana kwenye ukuta.

Ikishakatikia humo ndo shughuli inaanza, drili ya kawaida inateleza tu juu yake, inatafuta pa laini, na hedi za hizi Toyota zetu nyingi ni aluminiamu kwa hiyo pa laini ni ukuta wa hedi. Hapo unatafuta drili ya kabaidi, ile ngumu kabisa, mara nyingi hedi inashushwa inapelekwa kwenye mashine, na ukishusha hedi unanunua gasketi mpya ya hedi. Kazi iliyokuwa ya jioni moja imekuwa ya wiki.

Izi-auti ina mahali pake, sikatai. Stadi iliyokatika kwa kuchoka na mtikisiko huku hesi zake ziko huru, ile ukiigusa na sentapanchi (kichuma chenye ncha cha kupigia alama) pembeni inasogea, hiyo itoe na izi-auti sawa. Ila ya eksozi iliyokaa na moto miaka 20, hapana.

Ninachofanya mimi ni kuchomelea nati. Kama kipande kimejitokeza hata milimita mbili tatu, toa waya wa betri, clampu ya mashine ibane karibu na hedi, weka washa juu ya kipande, chomelea kwa ndani ya tundu, halafu weka nati juu ya washa chomelea tena ijae. Moto ukiingia, stadi inatanuka inaigandamiza ile kutu, ikipoa inanywea na kutu inaachia. Subiri wekundu uishe, gusisha mshumaa pale kwenye mzizi, nta inayeyuka inanyonywa kwenye hesi, utaona inavyoingia yenyewe. Kisha spana, na usivute kama unang'oa mti. Kulia kidogo, kushoto kidogo, kulia, kushoto, mpaka uone unga mwekundu wa kutu unatoka na stadi inalia. Nati ikibanduka chomelea nyingine, kila moto mpya unasaidia, kuna zinazotaka nati tatu nne.

Ikikatika usawa wa hedi au chini zaidi, hapo ni drili na subira. Sawazisha uso, piga sentapanchi katikati kabisa, na katikati maana yake katikati, anza na biti ya milimita 3 panda taratibu mpaka 6.8 kwa hesi ya milimita 8 ya kawaida. Ukiwa umelenga vizuri mabaki ya hesi yanatoka kama springi, pitisha tepu, ile ya kukatia hesi, umemaliza. Ukilenga kombo unakula hedi na itabidi uweke hesi ya bandia.

Maneno mengine ninayoyasikia kwa wenye magari nayajibu harakaharaka. "Fundi kakata makusudi." Magari yetu yanatoka Japani yametumika, na kule kaskazini kama Hokkaido barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa theluji, chumvi inatafuna chuma cha chini, halafu gari inakuja kukutana na mvua za Tukuyu. Hiyo stadi imeisha kabla fundi hajaigusa. Ukiambiwa mapema kwamba huenda zikakatika, mshukuru fundi.

"Puliza dawa ya kutu inafunguka hapo hapo." Hapana, puliza jioni injini ikiwa ya baridi, rudia asubuhi. Na wanaomwaga mafuta ya breki kwenye manifodi ya moto waache, yanawaka.

"Paka silikoni panapovuja." Silikoni ya gasketi inahimili nyuzi 300 hivi, manifodi inazidi hapo sana, hasa gari iliyopanda mlima Kitonga na mzigo.

"Moja imekatika acha tu, ni kelele." Hii inanitisha. Pale panapovuja panavuta hewa pia, sensa ya oksijeni inadanganyika, gari inakunywa mafuta. Kubwa zaidi ni kaboni monoksaidi, haina harufu haina rangi, na huku Mbeya mwezi wa sita na wa saba vioo vyote vimefungwa, hita inavuta hewa ya huko mbele, watoto wamelala siti ya nyuma. Rekebisheni.

Wakati wa kurudishia weka stadi mpya zote, sio moja, na nati za shaba, haziungani na stadi kwa kutu. Grisi ya kopa (yenye unga wa shaba) kidogo kwenye hesi, gasketi mpya, anza kukaza katikati ukitoka nje. Ila kabla ya yote laza rula kwenye uso wa manifodi, ukiona mwanga unapita chini yake ipeleke ikasawazishwe kwenye mashine, maana manifodi iliyopinda ndiyo iliyokata zile stadi za pembeni, na hizo mpya itazikata vile vile.