Udongo wa Magadi Nyandani: Kwa Nini Mvua Hunyesha na Nyasi Hazioti

Kwenye nyanda kavu za malisho kuna mahali ambapo mvua hunyesha sawa na kwingine, lakini nyasi hazishiki. Hatua chache pembeni majani yamesimama. Hapa ardhi ni kipara cha kijivu, juu pamelainika, na madimbwi hukaa siku kadhaa baada ya mvua. Chimba chini ya dimbwi hilo na mara nyingi utakuta udongo mkavu, kwa sababu maji yameshindwa kushuka.

Wengi huuita udongo wa chumvi. Sampuli zake hufika maabara zikiwa na swali lilelile: niweke mbolea gani? Kwa kawaida kasoro kubwa si mbolea, na mara nyingi wala si chumvi kwa maana ya kawaida. Ni sodiamu, na namna inavyousambaratisha mfinyanzi.

Chembe za mfinyanzi ni vibapa vyembamba mno visivyoonekana kwa macho, na nyuso zake zina chaji hasi. Chaji hizo huvuta ayoni, yaani chembe ndogo mno za madini yaliyoyeyuka, zenye chaji chanya zilizomo kwenye maji ya udongo: kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu. Kalsiamu ina chaji mbili na hukaa karibu na kibapa, kwa hiyo vibapa husogeleana na kushikamana kuwa mabonge madogo. Kati ya mabonge hubaki vitundu, na ndimo maji, hewa na mizizi inamopita. Sodiamu ina chaji moja tu, tena hujizungushia maji mengi. Ikizidi, vibapa husukumana, mabonge huvunjika na mfinyanzi hubaki ukielea majini. Matone machache yanayofanikiwa kushuka hubeba mfinyanzi huo na kuziba hata vitundu vilivyosalia. Kuanzia hapo udongo ukilowa ni rojo, na ukikauka unakuwa mgumu kiasi cha kuushinda mche wa nyasi unaojaribu kujitokeza.

Maabara hupima ni sehemu gani ya nafasi za kushikilia ayoni imekaliwa na sodiamu. Mwaka 1954 maabara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia chumvi za udongo, iliyoko Riverside, California, ilitoa kiwango kinachotumika hadi leo katika nchi nyingi: sodiamu ikifika asilimia 15, udongo huo umeathirika. Australia huanza kuhadhari mapema zaidi, kwenye asilimia 6. Kwa nyanda za malisho naona kiwango cha Australia kina mashiko zaidi. Maji yanayoangukia malisho ni ya mvua, hayana chumvi karibu kabisa, na maji ya namna hiyo huusambaratisha mfinyanzi hata pale sodiamu ilipo ya wastani.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Udongo wenye chumvi nyingi iliyoyeyuka, ambao upitishaji umeme wake huzidi desisiemensi 4 kwa mita, huwa na mabonge yaliyoshikamana vizuri, maana chumvi yenyewe huzuia vibapa visiachane. Mimea hupata shida ya kufyonza maji, lakini maji yenyewe hupita. Sasa chukua udongo wenye chumvi na sodiamu kwa pamoja, uoshe kwa maji safi bila kuongeza kalsiamu. Chumvi itaondoka, ukoko mweupe utatoweka, na mwenye ardhi atafurahi. Sodiamu iliyoganda kwenye mfinyanzi hubaki. Msimu unaofuata udongo huziba kabisa. Kwa hiyo usimshauri mtu yeyote aoshe udongo kabla hamjajua sodiamu yake.

Rangi nayo husema jambo. Ukoko mweupe mara nyingi ni dalili ya chumvi. Pale pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, inapopanda sana, mboji huyeyuka, hupanda juu pamoja na unyevu na kuacha utando mweusi au wa kahawia iliyokolea ardhi inapokauka. Watu wakiuona utando huo hudhani pana rutuba, kumbe ni mboji inayokimbia. Chokaa ya kawaida, yaani kaboneti ya kalsiamu, peke yake haiwezi kuipandisha pH mbali zaidi ya 8.4 hivi, ukikuta 9 au 10, ujue magadi, yaani kaboneti ya sodiamu, yapo. Katika hali hiyo chuma, zinki na manganizi hufungwa na mimea huwa na majani ya njano hata pale madini hayo yanapokuwemo ardhini.

Ukitaka kuuelewa udongo huu usiishie juu. Chimba shimo la nusu mita, safisha ukuta wake kwa kisu, kisha tazama. Juu kuna tabaka jepesi, la rangi hafifu, pengine unene wa kiganja au pungufu. Chini yake ghafla kisu kinagoma. Hilo ni tabaka la mfinyanzi wenye sodiamu, na mara nyingi limepasuka wima kuwa nguzo zilizosimama bega kwa bega, vichwa vyake vimeviringika na kupakwa vumbi jeupe la mchanga laini. Angalia mizizi: haiingii ndani ya nguzo. Inateremka kwenye nyufa, imebanwa ikawa bapa, na mvua ikija nguzo huvimba na kuzifunga nyufa hizo pia. Katika uainishaji wa kimataifa udongo wa namna hii huitwa Solonetsi, na unakadiriwa kufunika takriban hekta milioni 135 duniani, sehemu kubwa ikiwa ni nchi za nyasi: Kazakhstan, Urusi, Australia, Argentina, na Hungaria kwenye nyika ya Hortobágy.

Lipo jaribio ambalo mtu anaweza kufanya bila maabara, na nalisisitiza kwa kila anayesimamia malisho. Weka maji ya mvua kwenye glasi. Yasiwe ya kisima, kwa kuwa chumvi za kisima huficha tatizo. Dondosha taratibu bonge kavu la udongo lenye ukubwa wa punje ya mahindi, uache bila kugusa wala kutikisa. Bonge likiporomoka na kuwa kichuguu kidogo huku maji yakibaki safi, hiyo si sodiamu. Ni udongo uliopungukiwa mboji. Ukiona wingu la maziwa linatambaa kutoka kwenye bonge na kulizunguka, mfinyanzi unasambaratika. Tazama baada ya dakika kumi, kisha baada ya saa mbili, kisha siku ya pili. Wingu likitokea mapema, hali ni mbaya zaidi. Chukua bonge moja la juu na jingine la chini, maana mara nyingi la juu hufaulu na la chini hufeli. Mtafiti Emerson aliliandika jaribio hili kitaalamu mwaka 1967, na bado halijapata mshindani kwa urahisi.

Sodiamu hiyo hutoka wapi? Hutoka kwenye miamba na majivu ya volkano yenye madini ya sodiamu, na kwenye maji ya chini ya ardhi yanayopanda na kukauka. Pale mvua isipotosha kuisukuma mbali, hujikusanya, hasa miguuni mwa miteremko na kandokando ya mabonde. Kalsiamu hutangulia kuganda ikawa chokaa, na sodiamu hubaki peke yake kwenye maji. Binadamu naye huongeza: kisima chenye bikaboneti nyingi kikimwagika miaka yote kuzunguka birika la mifugo, udongo wa hapo hugeuka taratibu.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba wanyama hupapenda mahali hapa. Nyasi fupi zinazostahimili sodiamu, kama jamii ya Sporobolus, zina madini mengi, na hapo panapokuwa wazi wanyama huona mbali. Katika Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, sehemu za namna hii miguuni mwa miteremko huvutia makundi ya walaji nyasi. Mifugo hufanya vivyo hivyo, na wengine huramba ardhi yenyewe. Matokeo yake kwato nyingi hukanyaga udongo dhaifu kuliko wote, mara nyingi ukiwa umelowa. Tabaka jembamba la juu likishabebwa na maji, vichwa vya nguzo hubaki wazi, na hapo kipara kinaweza kudumu miaka mingi.

Kwa sababu hiyo, ulinzi wa tabaka la juu una thamani kuliko tiba. Ondoa mifugo wakati ardhi imelowa. Sambaza vituo vya maji na mawe ya chumvi mbali na madoa haya. Funika vipara kwa matawi ya miiba na samadi, ili mbegu zipate kivuli na udongo upunguziwe kishindo cha matone. Usimwage majivu, yana alkali na yataongeza ubaya. Chokaa pia haisaidii, kwa kuwa kwenye pH kubwa haiyeyuki, na aghalabu imeshajaa ardhini.

Tiba yenyewe ni jasi, yaani salfeti ya kalsiamu. Kalsiamu yake huingia mahali pa sodiamu, na sodiamu huondoka na maji ikiwa salfeti. Lakini lita moja ya maji huyeyusha takriban gramu 2 tu za jasi, mahitaji huwa tani kadhaa kwa hekta, na lazima yawepo maji ya kuosha pamoja na njia ya kutokea. Eneo lote la malisho halilipi gharama hiyo. Jasi niliyo nayo ningeielekeza kwanza kwenye lambo.

Lambo lililochimbwa kwenye mfinyanzi huu huwa na maji ya tope yasiyotulia hata baada ya wiki nyingi, kwa sababu vibapa havishikamani vikazama. Hatari zaidi ni tuta lake. Ufa mdogo tu ukipitisha maji, mfinyanzi wa kuta za ufa husambaratika, ufa hugeuka mfereji ndani ya tuta, na tuta linaweza kubomoka mara ya kwanza linapojaa. Makinga maji ya udongo nayo hutobolewa hivyo hivyo. Kabla ya kuleta mashine, chukua mabonge kutoka kila kina kitakachochimbwa na uyatie kwenye glasi za maji ya mvua. Wingu likitokea, hamisha eneo. Isipowezekana, changanya jasi kwenye udongo wa tuta, ushindiliwe ukiwa na unyevu tabaka kwa tabaka, na juu yake uwekwe udongo mwingine uliofaulu jaribio.