Sri Pada: mlima wa dini nne na desturi za wanaoupanda

Juu ya kilele cha Sri Pada, mlima wa mita 2,243 katika nyanda za juu za Sri Lanka, mwamba una alama yenye umbo la unyayo, urefu wake karibu mita 1.8. Wabudha huamini ni wa Buddha. Wahindu husema ni wa mungu wao Shiva. Waislamu wengi, na baadhi ya Wakristo, huuhusisha na Nabii Adamu. Msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliupanda mwaka 1344, akaandika kuhusu minyororo ya chuma waliyojishikilia mahujaji.

Wageni hupenda kuuliza unyayo hasa ni wa nani. Mimi huwaomba wawatazame kwanza wanaoupandia.

Msimu wa hija huanza mwezi mpevu wa Desemba, ukaisha ule wa Mei, siku ya Vesak, sikukuu kuu ya Wabudha. Sanamu ya Saman, mungu mlinzi wa mlima, hupelekwa kileleni kwa maandamano kutoka hekalu la Pelmadulla, na msimu ukiisha hurudishwa. Watu hupanda usiku kucha, vikongwe wakishikwa mkono na wajukuu, ili wawahi macheo. Wanaopishana njiani hutakiana rehema kwa neno moja, "karunavai". Pale Indikatupana, ambapo inasemekana Buddha alisimama kushona joho lake lililochanika, hujaji huchomeka sindano yenye uzi mweupe, kisha huuachia uzi huo njiani kadiri anavyopanda. Kileleni hugonga kengele mara nyingi kadiri ya safari alizokwisha kufika.

Desturi hizi zilitunzwa kwa gharama. Katika karne ya 11 Mfalme Vijayabahu wa Kwanza alitenga kijiji cha Gilimale kwa ajili ya mahitaji ya mahujaji.

Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza msitu unaouzunguka mlima katika Urithi wa Dunia, lakini kwa vigezo vya maumbile ya asili tu: mimea, vyura, ndege. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya urithi. Nyimbo za njiani na ujuzi wa wazee vinahitaji kurekodiwa kwa bidii ile ile wanayohesabiwa vyura.

Tena mto Kelani, unaowapa maji watu wa Colombo, huanzia katika milima hii. Ukipanda na chupa ya plastiki, shuka nayo.