Vinasaba vya mfungwa: yanayosemwa na yalivyo

Likizuka suala la waliotiwa hatiani kulazimishwa kutoa vinasaba (DNA) serikalini, baraza za kahawa za Ngamiani, hapa Tanga, hugawanyika. Huku wanasema wachukuliwe wote, kule wanasema serikali inataka kutuchungulia hadi ndani ya mifupa. Sisi tunaunga mkono wachukuliwe wale waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa kama kuua, kubaka na unyang'anyi wa kutumia silaha. Ila zipo dhana zinazofaa kunyooshwa kwanza.

"Mfungwa wa Maweni atatolewa damu"

Damu haihitajiki. Vijiti viwili vya pamba vinatosha. Aliyetoka kula au kunywa kahawa asukutue kwa maji na asubiri nusu saa. Mchukuaji avae glovu mpya kwa kila mtu, asugue pamba ndani ya shavu kwa nusu dakika hivi huku akiizungusha, kisha kijiti cha pili kwenye shavu la pili. Ncha ya pamba isiguswe na kitu kingine chochote.

Makosa mengi huja baada ya hapo. Pamba mbichi ikitiwa kwenye mfuko wa nailoni, kwa joto na unyevu wa Tanga, hasa wakati wa masika, ukungu na bakteria huanza kuvila vinasaba kabla kifurushi hakijafika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ikaushwe kivulini, itiwe kwenye bahasha ya kaki, ifungwe kwa utepe na saini ipite juu ya utepe huo. Bahasha isilambwe, maana mate ya mchukuaji nayo yana vinasaba. Kila anayeipokea aandike jina, tarehe na saa. Pengo la muda wa saa 3 lisilo na saini linatosha kumpa wakili swali ambalo shahidi hana jibu lake.

"Serikali itajua maradhi yangu yote"

Hapa watu huchanganya vitu viwili: sampuli, yaani ile pamba, na wasifu. Maabara ya jinai haisomi vinasaba vyote. Huangalia sehemu chache ambazo kipande kifupi hujirudia, na kuhesabu kimejirudia mara ngapi. Marekani, tangu 2017, hutumia sehemu 20. Ukirithi 14 kwa mama na 17 kwa baba, sehemu hiyo inaandikwa 14, 17. Orodha ya namba hizo ndiyo wasifu, na haikuwekwa ili kusema nani ana sikoseli au kisukari.

Lakini pamba yenyewe ikibaki kwenye friji, kesho inaweza kusomwa upya kwa swali jingine kabisa. Kwa hiyo hofu ya watu ina msingi, ila inapaswa kuelekezwa kwenye pamba. Uingereza, kwa sheria ya 2012, sampuli huharibiwa ndani ya miezi 6 na wasifu ndio unaobaki. Sheria yoyote inayomlazimisha mfungwa kutoa sampuli bila kutaja siku ya kuiteketeza, hatuikubali. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za kijenetiki kuwa nyeti.

Na wasifu nao hauko peke yake: unaonyesha undugu. Mfungwa akiingizwa kwenye kanzidata, nduguye wa tumbo moja ameingia kwa sehemu, wala hakuulizwa.

"Vikilingana, ndiye"

Kulingana kunaonyesha vinasaba vilitoka wapi. Hakuonyeshi vilifikaje pale wala lini. Mpini wa panga ulioshikwa na watu watatu hutoa mchanganyiko ambao hata mtaalamu huutenganisha kwa shida. Polisi wa Ujerumani walimsaka kwa miaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana kwenye matukio zaidi ya 40, mauaji ya askari huko Heilbronn yakiwemo. Mwaka 2009 ikabainika vilitoka kwenye vijiti vya pamba vyenyewe, viliachwa na mfanyakazi wa kiwandani. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu, ila havikusafishwa vinasaba. Pacha wa kufanana nao kipimo hiki cha kawaida hakiwatenganishi.

"Akikamatwa tu, achukuliwe na awekwe"

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mwaka 2008 katika kesi ya S. na Marper, iliona Uingereza imekosea kuhifadhi vinasaba vya watu wawili ambao hawakutiwa hatiani, mmoja wao akiwa alikamatwa na umri wa miaka 11. Kenya nayo, Januari 2020, Mahakama Kuu ilikataa vinasaba vikusanywe kwa raia wote katika usajili wa Huduma Namba. Mstari wetu uko kwenye hukumu.

Tena hukumu hutenguliwa. Mtu akishinda rufaa, msajili wa mahakama aiandikie maabara barua siku hiyohiyo, namba zifutwe na maabara ijibu kwa maandishi kwamba zimefutwa. Barua isipokwenda, mtu yuko nyumbani kwake Chumbageni, huru, na namba zake bado zinalinganishwa na za kila kesi mpya inayoingia.