Pomboo hana matamvua: yanayosemwa Kigoma kuhusu pomboo na nyangumi

"Pomboo ni samaki mkubwa tu."
Chukua mgebuka mbichi pale mwaloni Kibirizi. Mkia wake umesimama wima, hupiga kushoto na kulia; ukifunua shavu unakuta matamvua mekundu. Mkia wa pomboo umelala, hupiga juu na chini, na shavuni hana cha kufunuliwa. Ana mapafu, na pua yake ni tundu moja utosini. Huzaa na kunyonyesha. (Kuhe, samaki wa ziwani, naye hulinda watoto wake, ila kulinda si kunyonyesha.)

Kosa hili ndilo linaloua. Huko pwani jarife, wavu mkubwa wa kunasia samaki, hutegwa jioni, likatolewa alfajiri. Pomboo huzama dakika chache tu, kisha lazima apande kuvuta hewa. Akinaswa anakufa kwa kukosa pumzi, hata kama hana jeraha. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi inakadiria kwamba nyangumi na pomboo wapatao 300,000 hufa nyavuni kila mwaka duniani. Anayedhani hatari iliisha 1986, uvuvi wa nyangumi wa kibiashara uliposimamishwa, anaogopa chusa na kusahau nyavu.

"Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, pomboo hawakosi."
Hawamo. Wala sababu si chumvi, maana mito ya Amazon na Ganges ina pomboo wa maji baridi. Kikwazo ni njia: maji ya ziwa hutokea mto Lukuga, yakaingia Kongo, na chini ya Kinshasa kuna maporomoko ambayo pomboo hapandi. Kichwa cheusi kinachoibuka karibu na mawe ni cha fisi maji.

"Nyangumi hurusha maji kichwani."
Ni pumzi ya moto na matone, kama mvuke wa mdomoni asubuhi ya baridi kule Kasulu.

"Pomboo aliyekwama ufukweni avutwe mkia arudi majini."
Usimvute mkia wala mapezi, viungo hufyatuka. Mlaze kifudifudi, chimba vishimo chini ya mapezi ya kifuani, mtilie kivuli, na umfunike kanga iliyoloa. Mafuta yaliyo chini ya ngozi humzuia kupoa, na nje ya maji uzito wake mwenyewe hubana mapafu, kwa hiyo ofisa uvuvi aitwe mapema. Watu wakae mbali na mkia. Tundu la utosini liachwe wazi: kulimwagia ndoo ya maji ni sawa na kummwagia mtu puani.