Uso wa Mwanakondoo wa Ghent haukuharibiwa

Kwenye magrupu bado zinazunguka picha mbili: mwanakondoo mpole, kisha mwenye macho makali kama ya binadamu, na maneno “mafundi wameharibu mchoro wa kale.” Sivyo. Huo uso wa pili ndio wa asili, kwenye mchoro wa altare uliokamilika mwaka 1432 huko Ghent, Ubelgiji. Ule mpole ni rangi iliyopakwa juu yake karne ya 16. Mafundi waliiondoa tu, kwa uangalifu mkubwa. Kuza ile picha ya mwanakondoo mpole uhesabu masikio: utaona manne, kwani usafishaji wa miaka ya 1950 ulifunua mawili ya asili, na yale mawili ya kupakwa yakabaki. Watu walizoea sura ya juu kwa karne nyingi, ndiyo maana ya asili inawashtua. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.