Kwa nini Krismasi huishia mtoni, si horini?

Ikifika wiki ya kwanza ya Januari, Tabora inakuwa imeshasahau Krismasi. Stesheni imejaa wanaorudi makwao na makazini, wa Mwanza, wa Mpanda, wa Kigoma, na kila mmoja ana mambo matatu mdomoni: ada, sare za shule na palizi. Mtakie mtu heri ya Noeli siku hizo, atacheka.

Lakini ingia kanisani. Pango lipo bado, na padre bado amevaa nyeupe. Kwa kalenda ya Kanisa Katoliki la Roma, Kipindi cha Noeli kinaendelea hadi Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, ambayo kwa kawaida ni Dominika inayofuata Tokeo la Bwana, yaani siku ya Mamajusi, wale wageni wa mashariki, ambayo kwa asili ni Januari 6. Na siku hiyo ya Ubatizo, msikilizaji makini lazima ashangae. Mtoto aliyelazwa horini juzi tu, leo ni mwanamume wa miaka kama thelathini, kwa hesabu ya Luka, amesimama katika maji ya Yordani mbele ya Yohane Mbatizaji. Wiki chache, miaka thelathini! Sikukuu ya kuzaliwa inafungwaje na ubatizo wa mtu mzima?

Jibu la kwanza ni la historia, nalo linawashangaza wengi. Habari za kale za Wakristo kuadhimisha ubatizo wa Yesu zimetangulia habari za Desemba 25. Klementi wa Aleksandria, mwalimu Mkristo aliyeandika karibu na mwaka 200, anataja kundi la watu wa Misri, wafuasi wa mwalimu aliyeitwa Basilide, waliokuwa wakikesha kuukumbuka ubatizo huo mwezi wa Januari. Kumbukumbu ya zamani tuliyo nayo ya Desemba 25 kuwa siku ya kuzaliwa Kristo inatoka Roma, nayo inahusu mwaka 336. Makanisa ya Mashariki yalishika Januari 6, na siku hiyo moja ilibeba mambo kadhaa kwa pamoja. Waarmenia mpaka leo huadhimisha kuzaliwa na kubatizwa siku hiyo hiyo, na Waethiopia huukumbuka ubatizo huo kwa sherehe kubwa ya maji, Timkat, kwa kawaida Januari 19.

Kwa hiyo mtu wa karne zile hakuwa akiuliza "siku ya kuzaliwa inaisha lini?" Aliuliza Mungu alijionyesha kwa nani, na wapi. Kwa wageni kutoka mashariki, kwa nyota. Mtoni, kwa sauti. Harusini Kana, kwa maji yaliyogeuka divai. Hata leo, katika Masifu ya Jioni (sala ya jioni ya Kanisa) ya Tokeo la Bwana, antifona, yaani kiitikio, ya wimbo wa Maria inayataja matatu hayo kwa pamoja, kana kwamba yametokea siku moja. Ukilitazama hivyo, pango ni mlango wa kwanza tu, na mto upo ndani ya sikukuu ile ile.

Katika Kanisa la Roma, Ubatizo ulipata siku yake rasmi mwaka 1955, ukawekwa Januari 13. Marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969 yakauhamishia Dominika baada ya Januari 6 na kuufanya ndio ufungaji wa Kipindi cha Noeli. Mahali ambapo Tokeo la Bwana husogezwa hadi Dominika, nalo likaangukia tarehe 7 au 8, Ubatizo huadhimishwa Jumatatu yake, na hapo wengi hawajui hata kwamba umepita.

Sasa tuje kwenye ile miaka thelathini, maana ndipo penye utamu. Injili hazisemi karibu lolote juu yake. Kuna kisa kimoja cha Yesu kubaki hekaluni akiwa na miaka kumi na miwili, na kuna watu wa kwao wanaouliza katika Marko: "Huyu si yule seremala?" Basi. Mengine yote ni Nazareti, mbao na jasho. Halafu anashuka mtoni, na sauti inatoka mbinguni: "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe." Angalia wakati inapotoka. Hajahubiri. Hajaponya mtu. Hajamwita mwanafunzi hata mmoja. Kwa macho ya watu wa kwao, aliyependeza ni fundi wa kijijini.

Mimi naona hapo ndipo maana ya kufunga Noeli ilipo, kuliko kwenye mapambo yanayorudishwa sandukuni. Kati ya pango na mto pana pengo, na pengo hilo limejaa maisha ya aina ambayo watu wa huku hurudia kila Januari: palizi ya tumbaku Urambo na Kaliua, kukamua mawese vijijini Kigoma, kushona nyavu zilizochanika kabla ya kurudi ziwani. Hakuna anayeyaandikia shairi. Kanisa nalo, kesho yake, huvaa kijani na kuingia katika siku za kawaida za mwaka.

Si Wakatoliki peke yao wanaochelewa kuaga. Wamoravian, ambao walipokea kazi ya misheni Urambo mwaka 1898 na ambao jimbo lao la Magharibi lina makao yake Tabora, wana nyota maarufu yenye ncha nyingi. Ilianzia katika shule zao za Ujerumani katika karne ya 19, wanafunzi wakiitengeneza kwa karatasi, na kwa desturi huning'inizwa tangu Majilio hadi Epifania, siku ya Mamajusi.

Ipo pia tamati ya zamani zaidi: Februari 2, siku ya arobaini ukihesabu Desemba 25 kuwa ya kwanza. Ni Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, mishumaa inapobarikiwa, kwa sababu mzee Simeoni alimpakata mtoto akamwita nuru ya mataifa. Nabii Ana, mjane mkongwe, yupo pembeni akimshukuru Mungu. Lakini jambo linalonigusa mimi ni sadaka. Sheria ya Walawi ilimdai mama aliyejifungua mwanakondoo, na asiyeweza aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka anataja ndege tu. (Dhahabu ya Mamajusi imo kwa Mathayo, Luka haijui.) Wazazi wanaohesabu noti za ada mwezi huo wataielewa familia hii bila mahubiri marefu.

Na mti wa nyumbani je, uondolewe lini? Kanisa halina amri juu ya mti. Ukiuondoa baada ya Ubatizo wa Bwana, umefuata kalenda ya sasa. Ukiuacha mpaka Februari 2, umefuata desturi ya wazee. Anayeuacha mpaka Pasaka, huyo asitafute kalenda ya kumtetea.